Kipimo Hakijakosea: Homa za Papasi, Kupe, Viroboto na Chawa Tulizoacha Kuziulizia

Ukienda zahanati leo na homa ya siku tatu, iwe Arusha, Dodoma au Nairobi, yaelekea utapewa jibu ambalo wazazi wetu hawakulizoea: malaria hakuna. Jibu hilo limezua manung'uniko. Wako wanaosema vipimo vya siku hizi ni vibovu. Walio wengi zaidi hutulia pale wanapoongezewa jibu la pili, kwamba wana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na taifodi. Dawa zinaandikwa, sindano zinachomwa siku tano, mtu anarudi nyumbani akiwa ameridhika kwamba ugonjwa wake una jina. Nadhani tunalisoma vibaya jambo hili. Kipimo, kwa sehemu kubwa, kinasema kweli. Malaria imepungua katika maeneo mengi, na kupungua kwake kumefichua homa ambazo zimekuwa zikijificha nyuma yake tangu enzi za babu zetu. Baadhi ya homa hizo ni za bakteria wanaoletwa na papasi, kupe, viroboto na chawa. Dawa yake ni ya zamani na ya bei nafuu. Zinatupita kwa sababu hatuziulizii, na kwa sababu tumeikabidhi taifodi kazi iliyokuwa ya malaria, yaani kuwa jina la kila homa.

Tuanze na tulikotoka. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 hadi 2008, takriban asilimia 18 ya watoto wadogo waliopimwa Tanzania Bara walikutwa na vimelea vya malaria. Mwaka 2017 walikuwa karibu asilimia 7, na mwaka 2022 karibu asilimia 8. Wastani huo unaficha tofauti kubwa, kwani Tabora, Kigoma, Geita na Mtwara malaria bado ni mzigo mzito, ilhali Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Dodoma imebaki kidogo mno. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Kabla ya hapo mtoto akipata joto alipewa dawa ya malaria, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa klorokwini. Akipona, ilikuwa malaria. Asipopona, ilikuwa malaria sugu. Homa nyingi za virusi huisha zenyewe baada ya siku chache, hivyo klorokwini ilijizolea sifa kwa kazi ambayo haikuifanya, na sisi tukajifunza kwamba homa na malaria ni kitu kimoja.

Ushahidi wa wazi kuliko wote ninaoufahamu ulitoka Moshi. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528, sawa na asilimia 60.7, waliandikiwa malaria. Vipimo vya kina vilipofanyika, wale ambao homa yao kweli ilikuwa malaria walikuwa 14 tu. Asilimia 1.6. Wengine walikuwa na nini? Miongoni mwa waliopimwa ugonjwa huo, asilimia 8 walikuwa na homa ya riketsia, aina ya bakteria, ya kundi ambalo aghalabu huenezwa na kupe. Asilimia 8.8 walikuwa na leptospirosisi, inayotokana na mkojo wa panya na wanyama wengine, na asilimia 5 walikuwa na homa ya Q, inayotoka kwa mifugo. Riketsia za kundi la viroboto na chawa zilipatikana kwa wagonjwa wawili tu, na nalitaja hilo makusudi, maana hoja yangu haihitaji kutia chumvi. Kilichowafanya madaktari wasizione si uzembe. Ili kuthibitisha riketsia kwa njia iliyotumika, damu huchukuliwa siku ya kulazwa na tena wiki kadhaa baadaye, kisha kingamwili hulinganishwa. Jibu linafika mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Ugonjwa usioonekana siku ya matibabu hauingii kwenye rejista, na usiokuwemo kwenye rejista haupangiwi bajeti.

Homa ya papasi ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hii tuliijua. Papasi, jamaa wa kupe, anaishi kwenye nyufa za kuta za udongo na kwenye vumbi la sakafu, chini ya kitanda. Hutoka usiku, akanyonya kwa muda mfupi, akarudi ufani kabla mwenye nyumba hajaamka, ndiyo maana wengi wanaougua hawakumbuki kuumwa na chochote. Anaweza kukaa miaka bila kula. Bakteria anayembeba, borelia, hupitia kwenye mayai hadi kwa watoto wake, kwa hiyo nyumba ikishaingiwa inaweza kuwa na ugonjwa kizazi baada ya kizazi. Robert Koch alilionyesha jambo hilo mwaka 1905 akiwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Mwaka huohuo, upande wa Kongo, daktari Mwingereza Everett Dutton alifia Kasongo kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza, na bakteria akapewa jina lake. Homa hupanda siku kadhaa na maumivu makali ya kichwa na viungo, kisha hushuka ghafla mgonjwa akadhani amepona, halafu baada ya wiki moja hivi inarudi. Kwa mama mjamzito inaweza kuharibu mimba au kuua kichanga. Katika vijiji vya Dodoma, miaka ya 1980 na 1990, ilikuwa sababu ya kawaida ya watoto kulazwa.

Kwa miongo mingi ugonjwa huu ulikuwa unaonekana bila hata kutafutwa. Mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitazama BS, yaani tone la damu kwenye kioo, kwa hadubini akisaka malaria aliweza kuwaona borelia kwenye tone lilelile la damu, kama vijinyuzi vilivyojisokota kati ya seli. Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hakina jicho hilo. Kinatambua protini za vimelea vya malaria, basi. Kwa hiyo katika vituo vingi tumeacha chombo kilichoweza kuona magonjwa mawili tukachukua kinachoona moja, na hakuna aliyetangaza kwamba hilo limetokea. Sisemi kipimo cha haraka ni kosa. Kimefika kwenye zahanati zisizo na umeme wala hadubini na kimeokoa watoto wengi. Lakini maneno "malaria hakuna" yanayotoka kwa mtu aliyeitazama damu kwa macho yake yana uzito tofauti na maneno hayohayo yanayotoka kwenye kipande cha plastiki. Jibu la kwanza lilikuwa limebeba ndani yake ukaguzi wa ugonjwa wa pili. Mimi naamini sehemu ya kile tunachokiita kupungua kwa homa ya papasi ni nyumba bora zenye sakafu ya saruji, jambo la kushukuru, na sehemu nyingine ni sisi kuacha kutazama.

Upande wa viroboto, ugonjwa unaosikika ni mmoja tu. Julai 2025 mtu mmoja alifariki Arizona, Marekani, kwa tauni ya mapafu, na habari ikazunguka dunia nzima, na kwenye simu zetu pia, kwa vichwa vya habari vya kutisha kwamba tauni imerudi. Haikuwa imeondoka. Marekani hupata wastani wa wagonjwa saba kwa mwaka. Kati ya mwaka 2010 na 2015 dunia iliripoti wagonjwa 3,248 na vifo 584, na nchi zilizobeba mzigo mkubwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Madagascar na Peru. Mlipuko wa Madagascar wa mwaka 2017 peke yake ulihesabu wagonjwa 2,417, waliothibitishwa na walioshukiwa, na vifo 209. Wilaya yetu ya Lushoto, kuanzia mwaka 1980, ilipata maelfu ya wagonjwa na mamia ya vifo kabla ugonjwa haujatulia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ituri huko Kongo na eneo la West Nile la Uganda wameishi nao muda wote.

Tauni inanisaidia kwa sababu inaonyesha kwamba pale ambapo watu wanajua kuuliza, bakteria wa viroboto anashindwa. Mhudumu wa afya anayefanya kazi sehemu yenye tauni anauliza kama kuna panya waliokufa ovyo nyumbani, anapapasa kinena na makwapa kutafuta mitoki, na anaanza dawa bila kusubiri maabara ya mbali. Huko West Nile hata waganga wa jadi walishirikishwa ili wampeleke mgonjwa hospitali mapema. Taasisi ya Pasteur ya Madagascar ilishiriki kutengeneza kipimo cha haraka kinachotoa jibu ndani ya dakika 15. Bila matibabu, tauni ya mitoki huua asilimia 30 hadi 60 ya wagonjwa, na ya mapafu huua karibu wote. Dawa ikiwahi, wengi wanapona. Sasa fikiria kwamba kiroboto yuleyule wa panya anabeba pia riketsia inayosababisha homa, kichwa kuuma na vipele, na kwamba haimwingii mtu kwa kuumwa tu bali hasa kwa kinyesi cha kiroboto kinachosuguliwa kwenye ngozi iliyokwaruzwa. Hiyo haina kipimo cha dakika 15. Yuko na riketsia mwingine wa viroboto vya paka na mbwa, aliyekutwa kwa wagonjwa wa homa huko Garissa na magharibi mwa Kenya, lakini kwa kuwa sehemu nyingine za Afrika amekutwa hata kwa watu wasioumwa, sitamhesabu kama chanzo cha homa mpaka sayansi iseme zaidi.

Chawa nao wana historia yao hapa jirani. Katikati ya miaka ya 1990, Burundi ikiwa vitani, homa ya chawa wa nguo ilionekana katika gereza la mji wa Ngozi, kisha ikasambaa kwenye kambi za watu waliokimbia makazi yao hadi kuwapata makumi ya maelfu. Watu waliokosa maji, sabuni na nguo za kubadilisha walikufa kwa ugonjwa ambao ulimwengu ulidhani umebaki kwenye historia ya vita vya Ulaya. Uliwekewa breki na doksisaiklini, miligramu 200, mara moja. Kila ninaposikia kambi mpya zinafunguliwa Kivu au Ituri, naliwaza hilo.

Sasa nizipime hoja za upande wa pili. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi, kwamba kipimo ni kibovu. Ina chembe ya ukweli. Huko Eritrea vimelea vya malaria vilipoteza jeni inayotengeneza protini ile inayotafutwa na kipimo, hata nchi ikalazimika kubadili aina ya vipimo mwaka 2016. Ni jambo la kufuatiliwa kila mwaka. Lakini haliwezi kueleza kinachotokea kwetu, kwa sababu Moshi na kwingineko majibu ya "hakuna" yalithibitishwa na hadubini za wataalamu waliobobea, na kwa sababu wagonjwa wengi wanaoambiwa hawana malaria hupona bila dawa ya malaria. Cha ajabu ni kwamba watu haohao wanaokishuku kipimo cha malaria hawakishuku hata kidogo kipimo cha taifodi kiitwacho Widal, ambacho ni cha mwaka 1896 na ambacho hakimwoni bakteria mwenyewe. Kinaona kingamwili, ambazo zinaweza kuwa zimebaki tangu maambukizi ya zamani au kutokana na bakteria wengine kabisa. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu. Watafiti walipowachunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, malaria ilikuwa asilimia 10.5, maambukizi ya njia ya mkojo asilimia 5.9, na taifodi asilimia 3.7. Linganisha na idadi ya majirani zako walioambiwa wana vyote viwili mwaka huu.

Hoja ya pili ni kwamba hizi ni homa za wachache, za wafugaji na wakaaji wa nyumba za udongo, na nchi zenye bajeti finyu zina makubwa zaidi ya kushughulikia. Ni hoja yenye uzito, maana hakuna wizara inayoweza kununua vipimo vya kila ugonjwa. Lakini tunasemaje ni wachache kama hatujawahesabu? Mtalii anayerudi Ulaya kutoka mbugani akiwa na homa na kidonda cheusi mguuni pale kupe alipomuuma anapimwa, anaambiwa ana homa ya kupe, anapewa dawa. Mfugaji aliyekuwa akichunga ng'ombe kwenye nyasi zilezile anaambiwa ana taifodi. Katika ukoo wangu tuna mfugaji aliyetibiwa taifodi mara kadhaa bila kuulizwa hata siku moja kuhusu kupe, na sina hakika alikuwa na nini, wala yeye hana. Uchache wa ugonjwa hapa unatokana na nani anapimwa, na hilo halikubaliki kwangu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Katika utafiti uleule wa Dar es Salaam na Ifakara, asilimia 70.5 ya watoto walikuwa na ugonjwa wa virusi. Homa nyingi za watoto hazihitaji antibayotiki yoyote. Anayekuja na wazo la kuwatafuta bakteria wa kupe na viroboto anaweza, bila kutaka, kufungua mlango wa kumpa kila mwenye joto kidonge kingine, na usugu wa dawa tayari ni hatari. Kwa hiyo siombi kila homa ipewe doksisaiklini, wala msomaji asiende duka la dawa kujinunulia. Ninachosema ni kwamba antibayotiki tayari zinatolewa, na zinatolewa zisizofaa. Riketsia wanaishi ndani ya seli za mwili wetu, na dawa za jamii ya amoksilini au seftriaksoni haziwaui. Mgonjwa aliyelazwa na homa kali, asiye na malaria, anayechomwa seftriaksoni siku ya kwanza, ya pili, ya tatu bila nafuu, anaongezewa dozi au anabadilishiwa dawa ghali zaidi, wakati kidonge ambacho kingemfaa kipo dirishani. Doksisaiklini inatibu riketsia, homa ya papasi, homa ya Q na leptospirosisi, na ni mojawapo ya dawa za tauni. Kuitumia mahali pake kungeweza kupunguza matumizi ya zile zenye nguvu tunazozihofia kuzipoteza.

Mahali pake ni wapi? Ningeanza na watu wazima na watoto wakubwa waliolazwa, ambao hawana malaria wala chanzo kingine kinachoonekana, na ambao hawapati nafuu baada ya siku mbili za tiba ya kawaida, hasa kama wanaishi na mifugo, panya au katika nyumba yenye papasi. Kwa watoto wadogo madaktari wetu wanaiogopa kwa sababu ya meno, ila huko Marekani taasisi ya kudhibiti magonjwa, CDC, inaelekeza itolewe kwa mtoto wa umri wowote anayeshukiwa kuwa na riketsia, kwa kuwa dozi ya siku chache haijaonekana kuharibu meno, na kuchelewa kunaua. Ni mjadala ambao mabingwa wa watoto wa kwetu wanapaswa kuufanya hadharani. Na katika maeneo ya papasi, mgonjwa ambaye homa yake imerudi baada ya kupoa apimwe kwa hadubini hata kama kipimo cha haraka kimesema hapana, na alazwe anapoanza dawa, kwa sababu saa chache baada ya dozi ya kwanza bakteria wanapokufa kwa wingi mwili hutetemeka na joto hupanda kwa hatari. Hayo hayahitaji mashine mpya. Yanahitaji maswali matatu au manne kwenye karatasi ya mgonjwa, na mtu wa kuyauliza.

Kinga nayo ina utaratibu wake, na kuukosea kunaweza kudhuru. Mahali penye tauni, anayeanza kwa kuua panya huwaacha viroboto wao na njaa, nao huhamia kwa binadamu. Viroboto wauawe kwanza, panya baadaye. Kule Mvumi, Dodoma, kupulizia dawa nyumba zenye papasi kulipunguza homa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1998. Taasisi ya udhibiti wa viumbe waharibifu ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ina uzoefu wa miaka mingi juu ya panya na tauni. Ujuzi upo nchini.

Kuna jambo moja zaidi linalofanya haya yawe ya haraka. Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo mpya ya taifodi kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, chanjo nzuri ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Mtoto aliyechanjwa atapata homa tena, kama watoto wote. Atapelekwa kituoni, malaria haitaonekana, damu yake itawekwa kwenye Widal, na mama yake ataambiwa mtoto ana taifodi. Mama huyo atauliza chanjo ilikuwa ya nini, na atawauliza mamia ya wenzake kwenye kundi la simu. Wizara zinazopanga kampeni kama hiyo zina muda wa kuizuia Widal isitumike kama hukumu kwa watoto waliochanjwa, kuweka angalau hospitali chache za kanda zinazootesha damu na kupima riketsia kwa sampuli mbili, na kutangaza kwa lugha ya kawaida homa gani nyingine zipo. Zikisubiri hadi malalamiko yaanze, zitakuwa zinatetea chanjo dhidi ya kosa la kipimo.